Ishirini kwa Ishirini

9 Machi

Kwa wifi yangu Fundi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu yananilaumu kwa sababu ya ngazi za hospitali. Ulisema nikuandikie barua, nisipige simu, kwa kuwa kwenye simu sikupi nafasi hata ya kukohoa. Haya, leo unayo nafasi. Kohoa upendavyo.

Wiki ya kwanza kazini imekwisha. Kitambulisho changu kimeandikwa Msaidizi wa Tiba ya Usemi. Miaka ishirini na miwili ya chekechea, miezi tisa ya kozi, na sasa nina koti jeupe ambalo mikono yake inafika kabla yangu kila ninapokwenda. Siku nikija nitakuletea uipunguze.

Kazi ni kuwasaidia watu waliopotelewa na maneno. Wengi wao wamepatwa na kiharusi. Bosi wangu, ambaye tunamwita Mtaalamu, huwapima na kupanga mazoezi ya kila mmoja. Mimi nakaa nao, tunafanya hayo mazoezi, najaza fomu. Ana umri wa kuwa binti yangu, lakini akinitazama juu ya miwani najikuta nimekaa wima kama mtoto wa darasa la pili. Nipo kwenye majaribio ya miezi mitatu, mpaka mwisho wa Mei.

Sasa ucheke. Sheria ya kwanza ya kazi hii ni kunyamaza. Unamwonyesha mgonjwa picha ya kikombe, unamwuliza, "Hiki ni nini?" kisha unahesabu kimoyomoyo mpaka kumi bila kumtajia hata herufi moja. Siku ya kwanza nilifika nne. "Kikombe!" nikasema mimi. Mtaalamu akaandika kitu kwenye daftari lake. Picha ya pili nikajikaza, nikafika sita. "Ufagio!" Mtaalamu akavua miwani, akasema, "Mama, wewe umefaulu. Sasa tumpe na mgonjwa nafasi."

Wewe unajua ugonjwa huu nilikoutoa. Kaka yako nilimmalizia sentensi zake miaka thelathini na moja. Alikuwa akiingia tu mlangoni, "Leo nime..." nami namwambia, "Umechoka, vua viatu." Wala sikumbuki hata mara moja kama ni hilo alilotaka kusema.

Kuna mgonjwa mmoja nimempenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa refa wa mpira wa miguu miaka thelathini, kwa hiyo kila mtu humwita Mzee Refa. Mke wake alishafariki, anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, na mkamwana wake, ambaye kwa sasa yupo hapo kumwuguza, humleta kwetu mara tatu kwa wiki. Kiharusi kimemwachia neno moja tu: "Sawa." Umeamkaje? Sawa. Leo siku gani? Sawa. Mtaalamu amenieleza kwamba hilo ni neno lililobaki mdomoni, si jibu. Akisema "sawa" huenda anamaanisha ndiyo, huenda anamaanisha hapana, huenda anataka ufunge dirisha.

Kuhusu kuja kukaa kwako moja kwa moja: ndiyo, wifi, ni wazo zuri sana, nitakuja. Tuone kwanza kazi itakavyokwenda.

Wifi yako,
Chiriku


18 Machi

Wewe Chiriku,

Nimeisoma barua yako nikiwa na pini mdomoni na nusura nimeze mbili. Hospitali nzima imekaa kikao, ikatafuta mtu wa kunyamaza, ikakuchukua wewe! Basi mwakani watamwajiri jogoo awalaze wagonjwa.

Na ulilolisema kuhusu kaka yangu, hatimaye umekiri. Watu walikuwa wakisema ana mke mchangamfu na yeye ni mkimya. Mimi nikiwaambia, si mkimya, yupo kwenye foleni.

Nimefurahi umesema ndiyo. Wala sikungoja, nimeshaanza. Chumba cha nyuma nilichokuwa naweka vitambaa nimetoa kila kitu, vitambaa sasa nalala navyo mimi. Mpaka rangi anakuja Jumatatu. Huyu ndiye yule aliyepaka mlango wangu ukawa haufunguki, lakini nimemsamehe kwa ajili yako.

Sikufichi, tangu msiba wa kaka yangu nyumba imekuwa na mwangwi. Nikipiga chafya najijibu mwenyewe. Ndiyo maana nayashika sana yale maneno yake uliyonieleza siku ile, kwamba zikiwa zimebaki siku tatu afariki alikushika mkono akasema, "Mwambie dada yangu msiachane, mkae pamoja, mtunzane." Nimeyaandika kwenye karatasi nikayaweka chini ya kioo cha meza ya cherehani. Nikikata kitambaa nayasoma.

Sasa niambie, mapazia rangi gani?

Wifi yako,
Fundi


27 Machi

Wifi yangu Fundi,

Mapazia, rangi yoyote uipendayo wewe. Mimi sina neno.

Nina habari njema, keti kwanza. Mzee Refa amepata ishirini kwa ishirini!

Tuna fomu moja ya maswali ishirini ya ndiyo na hapana. Je, hii ni kalamu? Je, sasa ni asubuhi? Mambo mepesi, ila yanaonyesha kama mtu anaelewa anachoulizwa na kama jibu lake linaaminika. Wiki iliyopita alipata kumi. Jumanne hii amepata yote. Mtaalamu alikuwa kwenye semina, aliporudi akaikuta fomu mezani. Akaitazama sana. "Ishirini?" "Ishirini," nikasema. Akaandika ripoti, akatia sahihi, mkamwana akaondoka nayo nyumbani. Mtaalamu aliniambia, "Mama, umefanya kazi." Wifi, toka kaka yako afariki sijajisikia vizuri namna ile.

Mkamwana ni mtu mwema sana, anamtunza mkwewe kama yai. Anamletea maziwa ya uvuguvugu kwenye chupa, asubuhi, mchana na jioni. "Baba, maziwa?" "Sawa." Anasema hajawahi kuona mtu anayependa maziwa kama baba mkwe wake.

Jambo moja tu linanitatiza. Mzee akishasema "sawa," mkono wake wa kushoto, ule mzima, hupanda kwenye mfuko wa shati, unapekua, kisha unashuka mtupu, naye anatazama ukutani kwa hasira. Nilidhani anatafuta leso. Nimemnunulia leso nzuri ya bluu nikamtia mfukoni. Akaitoa, akaiinua juu hewani, akaitazama, akanitazama mimi, akaitupa chini. Labda hapendi bluu.

Wifi yako,
Chiriku


5 Aprili

Chiriku mwenzangu,

Hongera kwa mgonjwa wako. Kutoka kumi mpaka ishirini ndani ya wiki moja! Mimi nimefundisha wasichana kushona miaka yote hii, sijaona mtu anayelala hajui kutia uzi kwenye sindano akaamka anashona suti. Lakini huko kwenu kuna dawa.

Mapazia nimeshona ya kijani. Kitanda kimefika jana, futi nne kwa sita, waliokibeba wamekitia chumbani kwa kukipitisha dirishani kwa sababu mlango umepakwa rangi haufunguki. Ndiyo, tena.

Kuhusu leso, nimekucheka mpaka mteja akaniuliza kama nipo salama. Unamtilia refa leso kifuani! Wewe ulikuwa hujaolewa na kaka yangu nilipopata kazi ya kushona sare za marefa, misimu sita mfululizo. Hakuna watu wasumbufu kama wale. Suruali inabana, hawasemi. Kola imepinda, hawasemi. Lakini mfuko wa kifuani! Uwe na upana wa kadi mbili na kidole, kadi isikwame inapotolewa. Mmoja alikaa dukani kwangu saa nzima anachomoa kadi na kurudisha, anachomoa na kurudisha, mpaka nikahisi nimefanya kosa mimi. Mle hamwingii leso.

Kitandani nitandike shuka gani, jeupe au la maua?

Fundi


13 Aprili

Wifi yangu,

Shuka lolote. Sasa nisikilize, nimejikuta pabaya.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye chumba cha chai, nikaketi chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kadi! Mzee hatafuti leso. Mdomo unasema "sawa" kwa kuwa hauna neno jingine, na mkono unatafuta kadi nyekundu. Wiki zote hizi amekuwa akitutoa uwanjani, mimi namtilia kitambaa cha kufutia pua.

Nilimtazama Jumatano nzima. "Baba, maziwa?" "Sawa," na mkono mfukoni. Wifi, yule mzee anayachukia maziwa. Ameyanywa wiki nane.

Laiti ingekuwa maziwa tu. Sasa lazima nikuambie kile nilichokuficha. Ile fomu ya maswali ishirini, kumi jibu lake ni ndiyo na kumi ni hapana, yamechanganywa makusudi. Mara ya kwanza, mzee alisema "sawa" kwa yote, akapata kumi. Aliniona nikiandika kumi. Refa anajua matokeo hata akiyaona kichwa chini. Macho yakamjaa maji. Basi mara ya pili nikamwonea huruma. Palipoandikwa "Je, wewe ni mwanamke?" nikamwuliza, "Je, wewe ni mwanamume?" Palipoandikwa "Je, tembo ni mdogo kuliko panya?" nikamgeuza tembo. Yote kumi niliyageuza. "Sawa, sawa, sawa." Ishirini! Akatabasamu upande mmoja, nami nikaona nimetenda wema. Chekechea tulifanya hivyo kila siku, mtoto asirudi nyumbani analia.

Sasa ripoti inasema jibu lake linaaminika. Mwanawe anayekaa mji mwingine akaja nayo mkononi, akamwuliza, "Baba, tuhamie kwangu? Nyumba hii tuwape wapangaji?" "Sawa." Akamwuliza mara tatu, maana ni kijana mwangalifu. Sawa, sawa, sawa. Gari la kuhamisha vitu linakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Mkamwana ameshafunga vyombo kwenye magazeti. Mzee ana nyumba aliyoijenga mwenyewe, ana kiti chake kibarazani, jirani wa kucheza naye karata. Kote huko ataondolewa kwa neno ambalo si jibu lake, na mtu aliyelitia muhuri ni mimi.

Nikimwambia Mtaalamu, sahihi ni yake na kosa ni langu. Majaribio yanakwisha mwezi ujao. Atanifukuza na atakuwa na haki. Nisipomwambia, mzee anahamishwa kutoka kwake. Nimekaa na jambo hili siku nne. Nifanye nini?

Chiriku


17 Aprili

Chiriku,

Nimempa kondakta barua hii akuletee mkononi, posta itachelewa.

Unaniuliza nini na wewe unajua? Nguo iliyokatwa vibaya haitengenezwi kwa kupigwa pasi. Inafumuliwa. Nenda kaseme, na useme kabla hajakuuliza. Njia ya mwongo ni fupi na wewe pumzi huna, una magoti mabovu.

Wakikufukuza, usilie. Kitanda kipo, mapazia yapo, mlango nimeuvunja sasa unafunguka. Hutakosa pa kwenda.

Fundi


27 Aprili

Kwa wifi yangu mpendwa,

Barua yako niliipata Jumatatu. Jumanne asubuhi nikaingia kwa Mtaalamu kabla hajavaa koti. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayasahau yote, nikasema tu, "Tembo nilimgeuza." Ikabidi nianze upya.

Nilipomaliza, akanyamaza. Wifi, nimejifunza kuhesabu, nikahesabu. Alifika kumi na saba. Kisha akasema, "Na mimi nilitia sahihi kitu nilichokitilia shaka, kwa sababu nilitaka kiwe kweli." Akanitazama juu ya miwani. "Kaniletee fomu tupu. Na hilo jambo la mfuko, lieleze tena polepole."

Nikamweleza habari za marefa na za fundi wao. Nilikata kadi nyekundu kwenye jalada la faili na ya njano kwenye boksi la dawa, kwa vipimo vyako, kadi mbili na kidole. Mzee alipofika siku ileile tukamtilia mfukoni. Mtaalamu akaketi kumwuliza yeye mwenyewe, maswali yakiwa kama yalivyoandikwa, nami nikaketi pembeni nimekalia mikono yangu.

"Je, wewe ni mwanamke?"

"Sawa," akasema mzee. Mkono ukapanda. Akaigusa kadi. Akatulia kidogo, wifi, kama mtu aliyekuta ufunguo kwenye koti la zamani. Kisha akaichomoa na kuinyoosha juu kabisa, kifua mbele, jicho kwenye pua ya Mtaalamu. Nyekundu!

Alipata kumi na tisa. Aliyokubali, aliacha kadi mfukoni. Lililomponyoka ni "Je, unapenda kuja hapa hospitali?" ambalo fomu inasema jibu ni ndiyo. Akatoa nyekundu. Mtaalamu anasema ni kosa. Mimi nasema ni malalamiko.

Alhamisi familia ikaitwa. Ofisi ya Mtaalamu ni ndogo, ukifungua droo lazima mtu mmoja asimame. Mwana alikuja na makaratasi ya wapangaji. Mtaalamu akanitazama. Nikasimama nikawaambia nilichofanya, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Mwana akakunja uso, akasema, "Lakini mama, baba alikubali! Nimemwuliza mara tatu. Baba, si ulikubali?"

"Sawa," akasema mzee.

"Mnasikia?"

"Mwulize tena," akasema Mtaalamu. "Ukishauliza, tunasubiri. Watu wote." Alipotaja watu wote alinitazama mimi.

Mwana akavuta kiti karibu. "Baba. Jumamosi tunahamia kwangu?"

"Sawa."

Nikaanza kuhesabu. Kwenye nne mdomo wangu ulitaka kufunguka wenyewe, nikauma ulimi. Kwenye saba mkamwana akaanza, "Labda baba amecho..." Mtaalamu akainua kidole. Kwenye tisa mkono ukaondoka gotini. Ulikwenda polepole mpaka nikadhani hautafika. Kadi nyekundu ikatoka, ikasimama juu ya kichwa cha mwanawe.

"Baba, lakini kule utakuwa na..."

Mzee akairudisha mfukoni, akaichomoa tena. Safari hii akamwonyesha na mlango.

Mwana aliinama akashika uso. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka, na machozi yanatoka. "Hivi ndivyo alivyonitoa kwenye mechi ya shule," akasema. "Mbele ya wenzangu wote. Mimi mtoto wake!" Mkamwana akaona afadhali aulize yote siku hiyohiyo. Maziwa? Nyekundu. Ya moto je? Nyekundu. Chai? Kadi mfukoni, kifungo kikafungwa. "Wiki kumi, baba!" mkamwana akasema. "Si ungekataa!" Hapo sote tukamtazama, naye akaziba mdomo. Nilicheka nikapiga makofi, nikapewa kadi ya njano.

Mwisho Mtaalamu akauliza, "Mzee, unataka kubaki kwako, na mtu awe anakuja asubuhi na jioni kukusaidia?" Tukangoja. Mzee akazipanga kadi zake vizuri, akazigusa juu ya shati zikiwa mfukoni, akashusha mkono. "Sawa," akasema. Lilikuwa neno lilelile, lakini mwanawe alilisikia tofauti. Jana gari halikuja.

Mimi sikufukuzwa. Majaribio yameongezwa miezi mitatu, na ripoti ya kusahihisha ile ya kwanza nimeiandika kwa mkono wangu, nikaeleza kila swali nililoligeuza. Mtaalamu alisema atakuwa anaketi nami kila Jumatatu. Sijui kama ni adhabu. Amesema ataleta karanga.

Kuna jambo jingine la kukuambia. Leo nimechoka, nitaliandika kesho kabla sijapoteza ujasiri.

Chiriku


28 Aprili

Fundi wangu,

Nimeketi kwenye meza yetu, upande wangu. Upande wake bado siketi.

Zile wiki tatu hospitalini, kaka yako hakusema neno hata moja. Hilo hukuwahi kulijua, kwa sababu ulifika ameshafariki. Alijaribu. Akianza sauti, mimi namalizia. Akisema "mm," nasema maji. Akisema "aa," namgeuza ubavu. Wauguzi walinisifu, mke anamwelewa mumewe bila maneno. Zilipobaki siku tatu alinishika mkono, hiyo ni kweli. Akafungua mdomo. Nami nikamwambia, "Najua, najua, usijichoshe." Sikuhesabu hata mpaka mbili. Sikuwa najua chochote, wifi. Mpaka leo sijui.

Ulipofika ulisimama mlangoni na mfuko wa safari mkononi, ukaniuliza, "Hakuniachia neno?" Uso wako nikauonea huruma, nikakutungia. "Msiachane, mkae pamoja, mtunzane." Ni maneno yangu. Nilimpa na yeye ishirini kwa ishirini.

Na juu ya maneno hayo wewe umevunja mlango na kununua kitanda. Kila uliponiuliza nilisema ndiyo, rangi yoyote, shuka lolote, kwa sababu sikutaka usikitike. Nimeona wiki hii kile ambacho ndiyo ya namna hiyo inamfanyia mtu.

Kwa hiyo nasema sasa. Hapana, wifi yangu. Siji kukaa kwako. Nataka kuishi hapa. Mlango wa jikoni hapa haufungiki mpaka uuinue kidogo kwa goti, yeye ndiye aliyenifundisha, na kila siku naufunga hivyo. Alikuwa anatia chumvi kabla ya kuonja, na alama ya chupa ya chumvi bado ipo mezani. Nina kazi ambayo naipenda na siijui vizuri. Nakupenda sana na sitaki kuhama.

Kama utanikasirikia, nitaelewa.

Wifi yako,
Chiriku


30 Mei

Chiriku,

Barua yako ilifika tarehe tatu. Leo ni tarehe thelathini. Ulisema mtu ahesabu mpaka kumi kabla ya kujibu. Mimi nahesabu polepole.

Nilikasirika, sikufichi. Siku ya kwanza nilishona mkono wa shati la mtu kwenye shingo. Siku ya pili nilisema sikuandikii tena, na siku ya tatu nikasema sikuandikii mpaka Krismasi. Kitanda nimempa binti wa jirani anayejifungua mwezi ujao. Mapazia nimeyageuza gauni, nikalivaa harusini, watu watatu wakaniuliza kitambaa nimekipata wapi. Nikawaambia kimetoka nje.

Sasa kuhusu kaka yangu. Chiriku, mimi nilijua. Nilijua palepale mlangoni. Kaka yangu mzima wa afya, na ulimi wake wote, hakuwahi kunitumia salamu iliyozidi maneno matatu. Nilipoolewa aliniandikia kadi: "Hongera. Huku mvua." Nilipofiwa na mume akaja, akaketi nami siku tisa, akatengeneza bomba la maji, akaondoka. Leo aje aniambie msiachane, mkae pamoja, mtunzane! Huyo si kaka yangu. Huyo ni mwalimu wa chekechea anayepanga watoto mstari.

Niliyachukua kwa sababu niliyataka. Na karatasi sijaitoa, kwa hiyo usiniombe msamaha, tulikuwa wawili.

Na hilo usilolijua, alichotaka kukuambia, nami silijui. Nimelifikiria mwezi mzima. Alikushika mkono. Mtu yule hakuwa mshika mikono, alikuwa mtu wa mabomba. Mimi nadhani alishamaliza kusema, wewe ulikuwa unangojea maneno bure. Lakini nadhani tu, sijaza fomu.

Nyumba bado ina mwangwi. Kwa hiyo na mimi nina swali, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Naweza kuja kwako nikakaa mwezi mmoja?

Fundi


4 Juni

Fundi wifi yangu,

Nimehesabu mpaka kumi, nikarudia.

Mwezi mmoja, hapana. Wewe ni mtu wa kupanga vyombo vya wenzako upya, na siku ya kumi na tano tutakuwa hatusemeshani.

Wiki mbili, ndiyo. Hii ndiyo ni yangu, nimeitazama pande zote, haina huruma ndani yake. Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na nne, siku hiyo siendi kazini. Chumba ni kimoja, tutalala kitanda kimoja. Najua unakoroma, kaka yako alinitahadharisha kabla ya ndoa. Asubuhi utakaa wewe kwenye upande wake wa meza, maana mimi bado siwezi na kiti kisikae bure.

Naomba uniletee habari za utoto wake. Miaka thelathini na moja ulijaribu kunisimulia na hukupata pa kuingilia. Nataka kuzisikia zote, hata za mabomba.

Nitakuwa kituoni tangu saa tano. Ukishuka kwenye basi, anza wewe.

Wifi yako,
Chiriku